Dodoso la tumbaku kwa wanawake watu wazima: mbona majibu karibu yote ni "hapana"?

Mtafiti_Kaliua

Wakuu, shikamooni wakubwa, na habari kwa rika langu.

Naandaa dodoso la shahada ya uzamili kuhusu matumizi ya tumbaku kwa wanawake wa miaka 18 na kuendelea, vijiji vya Kaliua, Tabora. Mpango ulivyo sasa ni wanawake 400. Swali la kwanza ni "Je, unavuta sigara au tumbaku?" Anayesema hapana anarukishwa moja kwa moja hadi sehemu ya lishe. Anayesema ndiyo anaulizwa ni sigara ngapi kwa siku. Baadhi yao watapimwa kotinini (mabaki ya nikotini mwilini) kwa kijiti cha mkojo ili kuhakiki majibu.

Dodoso la majaribio limerudi "hapana" tupu, na wenyeji wanacheka wakiambiwa kwamba wanawake wa hapa hawatumii tumbaku. Kosa liko kwenye swali, kwenye sampuli au kwa wahoji? Na hicho kijiti kitasaidia kweli? Naomba kuwasilisha.

Dodoso_na_Kalamu

Dada, kosa la kwanza ni swali. Umeuliza habari za wanaume kisha ukawapelekea wanawake.

Tazama GATS, ule utafiti wa kimataifa wa tumbaku kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Kenya 2014, wanawake wanaotumia tumbaku ya aina yoyote walikuwa 4.5%. Wanaovuta kitu chenye moshi walikuwa 0.8% tu, na wa tumbaku isiyo na moshi, yaani ugoro na ndugu zake, 3.8%. Kwa wanaume picha imegeuka: moshi 15.1%, isiyo na moshi 5.3%. Kwa hiyo Kenya ukiuliza sigara peke yake, wanawake wengi kati ya wanaotumia tumbaku wanakupita mbele ya macho. Kwetu Tanzania, GATS ya 2018 ilipata 3.2% ya wanawake na 14.6% ya wanaume kwa tumbaku ya aina zote.

Wala si Afrika Mashariki tu. Bangladesh 2017, wanawake wavutaji ni 0.8% lakini wa tumbaku isiyo na moshi ni 24.8%, wamewapita wanaume wao wenye 16.2%. India 2016-17, wanawake wavutaji ni 2.0%, wa tumbaku isiyo na moshi 12.8%.

Halafu hilo neno "unavuta". Mtu anayenusa ugoro naye anasema anavuta ugoro. Mwanamke mmoja atasema ndiyo ukamwandika mvutaji wa sigara. Jirani yake mwenye tabia ileile atasema hapana, kwa sababu umetanguliza sigara. Usitumie kitenzi kimoja kwa vyote. Kila bidhaa ipe swali lake na kitenzi chake, na kusiwe na lango moja linalofunga sehemu nzima. Kwa mfano:

"Je, kwa sasa unanusa ugoro: kila siku, si kila siku, au hapana?"
"Je, kwa sasa unabwia ugoro au kuuweka mdomoni, shavuni au chini ya mdomo: kila siku, si kila siku, au hapana?"
"Je, unatafuna tumbaku ya majani?"
"Je, unavuta kiko, au msokoto uliosokotwa kwa mkono?"
"Je, unavuta sigara za dukani?"

Kila "hapana" ifuatwe na "Je, zamani uliwahi kutumia kila siku?" maana walioacha ni kundi lenye habari nzuri mno na wengi huwasahau. Ongeza na "Kuna njia nyingine yoyote unayotumia tumbaku?" kisha mhoji anyamaze, asubiri. Gambia kuna unga wa tumbaku uitwao taba ambao baadhi ya wanawake huuweka ukeni. Dodoso lililofungwa kwenye pua na mdomo haliwezi kuona jambo la namna hiyo, liwepo au lisiwepo.

Usichanganye "kwa sasa" na "siku 30 zilizopita". Ukitaka kulinganisha na GATS tumia maneno ya GATS. Vyote viwili kwenye dodoso moja vitakupa viwango viwili usivyoweza kuvitetea mbele ya wasimamizi.

Mwisho, chukua vielelezo. Kifuko cha ugoro wa unga, jani kavu, msokoto, kiko. Weka kwenye trei, mama aoneshe kwa kidole. Wengine hawauhesabu ugoro kuwa ni tumbaku. Kwao ni dawa ya mafua au ya jino.

Takwimu_Tupu

Swali litarekebishika. Sampuli ndiyo itakayokuumiza.

Chukua ile 3.2% ya wanawake wa Tanzania. Kwa wanawake 400 utapata watumiaji kama 13. Ukichagua vijiji kwanza, kisha kaya, watu wa kijiji kimoja wanafanana tabia, kwa hiyo usahihi unapungua. Ukiweka kizidishi cha 2 kwa ajili hiyo, matokeo yako yatasomeka 3.2%, kati ya 0.8% na 5.6%. Hapo utasema nini? Na hao 13 huwezi kuwagawa kwa umri, elimu na ndoa. Kwenye modeli ya rejesho (hesabu inayopima vigezo vingi kwa pamoja), kanuni ya mkono ni watumiaji 10 kwa kila kigezo, maana yake una nafasi ya kigezo kimoja.

Wengi hukosea hapa: wanachukua fomula ileile ya darasani na ukingo wa makosa wa 5%. Kwa jambo lenye 3% huo ukingo hauna maana, unakupeleka chini ya sifuri. Tumia 1%. Hesabu ni 3.84 × 0.032 × 0.968 ÷ 0.0001, sawa na 1,190. Zidisha kwa 2, unapata 2,380. Gawa kwa 0.9 kufidia watakaokataa au kutokuwepo, karibu 2,645. Bajeti ya mwanafunzi haifiki huko, najua.

Njia ya kati ni kuongeza kwa makusudi kundi lenye watumiaji wengi, yaani wanawake wa makamo na mabibi. Ndio maana DHS, ule utafiti wa kaya wa idadi ya watu na afya, haitakusaidia sana kama kipimo cha kulinganisha: inahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49, bibi wa miaka 65 hayumo kabisa. STEPS, utafiti wa WHO wa vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, ya Tanzania 2012 ilichukua 25 hadi 64, ya Kenya 2015 ilichukua 18 hadi 69. Ukiona viwango vitatu tofauti vya nchi moja, tazama umri kabla ya kulaumu mtu.

Lakini ukiongeza wazee lazima urudishe uzito. Mfano wa kubuni: 200 wa miaka 50 na zaidi, 200 wa chini ya hapo. Wazee watumiaji 24, yaani 12%; vijana 4, yaani 2%. Ukijumlisha kienyeji, 28 kati ya 400 ni 7%. Lakini kama wazee ni 15% tu ya wanawake watu wazima wa wilaya, jibu halisi ni 0.15 × 12 + 0.85 × 2, sawa na 3.5%. Umekosea mara mbili nzima kwa kusahau safu moja kwenye jedwali lako.

Ndani ya kaya tumia jedwali la Kish (la kuchagua mtu kwa bahati nasibu) kumchagua mwanamke mmoja, na usiruhusu kubadilisha. Mhoji akiambiwa "bibi hasikii vizuri, muulize mkwewe hapa", akakubali, ameondoa mtumiaji na kuweka asiyetumia. Kila akifanya hivyo kiwango kinashuka. Arudi hadi mara tatu, nyakati tofauti, ikishindikana aandike "hakupatikana".

Pwani_Hadi_Bara

Nyongeza fupi. Kama kuna siku mtu atachukua dodoso hili kulipeleka Unguja au Mombasa, aongeze tambuu, na aulize viungo vyake kimoja kimoja: jani, popoo, chokaa, katu, tumbaku. Tambuu bila tumbaku isihesabiwe kwenye tumbaku, ila popoo yenyewe IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeiweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 2004, kwa hiyo usiitupe. Iwekee safu yake. Na kuberi iulizwe kwa jina. Huuzwa kwenye vipakiti kama kiburudisho cha kinywa, mtumiaji anaweza kukuapia kwamba hatumii tumbaku na akawa mkweli kwa anavyojua.

Mjini_Kati

Mnasahau shisha. Wanawake wa mjini siku hizi shisha ndiyo habari ya mjini, si ugoro wa mabibi.

Dodoso_na_Kalamu

Mkuu, iulizwe, haina shida, ni mstari mmoja tu. Ila Kaliua vijijini usitarajie itajaza jedwali. Penye shisha tatizo ni lingine: Kenya na Rwanda ziliipiga marufuku Desemba 2017, Uganda kwa sheria yake ya 2015, na Dar es Salaam nayo ilipigwa marufuku 2016. Mhojiwa anajua. Kwa hiyo maelezo ya ridhaa yaseme wazi kwamba jina halichukuliwi na majibu hayaendi kwa mtendaji wala polisi, na swali la shisha likae mwisho wa orodha, si mwanzo.

Mkunga_wa_Kliniki

Mdogo wangu, hujagusia mazingira ya mahojiano, na hapo ndipo "hapana" nyingi zinapozaliwa.

Mwanamke akihojiwa barazani, mumewe yuko pale na mama mkwe anachambua mboga pembeni, hatasema. Mjamzito ndiye kabisa. Tumia wahoji wanawake, wasiotoka kijiji hichohicho, wawe na umri wa kuheshimika. Binti wa miaka 20 kumuuliza bibi habari za ugoro bila shikamoo na bila kukaa chini kwanza, ataambiwa hapana ili aondoke. Mkae mahali mnapoonekana ila hamsikiki, mfano chini ya mwembe. Mtu akija, mhoji ahamie maswali ya lishe hadi atakapoondoka. Kwa hiyo hizo sehemu mbili zifungane ukurasa kwa ukurasa. Usiache lishe mbali nyuma.

Usianze na madhara. Mhoji akitanguliza "tumbaku ni hatari kwa afya" ameshamfundisha mtu jibu.

Ongeza swali la sababu, na uweke machaguo yanayotajwa na watumiaji wenyewe: maumivu ya jino, kichwa, mafua, kichefuchefu cha mimba, njaa, usingizi wakati wa kazi, mazoea ya kukaa na wenzake. Mjamzito anayetumia ugoro kuzuia kichefuchefu hajioni mtumiaji, anajiona anajitibu. Wengine hutumia mimba ikiwa changa kisha huacha, kwa hiyo uliza kwa vipindi: kabla ya mimba, miezi mitatu ya kwanza, baadaye, na wakati wa kunyonyesha. Ni muhimu kwa sababu tumbaku isiyo na moshi nayo inahusishwa na mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, uzito mdogo, na kuzaliwa mfu. Watu wanadhani bila moshi mtoto yuko salama.

Uliza pia kuhusu magadi. Ugoro mwingi wa kwetu huchanganywa na magadi, na wengine huongeza wenyewe nyumbani. Si kwa ladha tu. Nikotini inapenya ngozi laini ya mdomo na pua ikiwa huru, na uhuru huo unategemea ukali wa magadi. Kwenye pH 6 (pH ikipanda, ukali wa magadi umepanda) nikotini huru ni kama 1%, pH 7 ni 9%, pH 8 ni nusu, pH 9 ni 90%. Kwa hiyo mama wawili wanaobwia kiasi kilekile, mmoja anaweza kupata nikotini ya haraka mara nyingi zaidi ya mwenzake. Ndiyo sababu huwezi kubadilisha "mara tano kwa siku" kuwa "sawa na sigara tano". Kupima uraibu, uliza anatumia mara ya kwanza muda gani baada ya kuamka. Ndani ya dakika 30 ni dalili nzito kuliko idadi.

Kama una muuguzi kwenye timu, aulize anaweka ugoro upande gani, kisha atazame hapohapo kwa tochi. Doa jeupe lisilofutika kwa pamba, au kidonda kilichozidi wiki mbili, apewe rufaa, asiambiwe "tutaona". Huko India, pwani ya Andhra Pradesh, kuna wanawake wanaovuta msokoto uitwao chutta upande wenye moto ukiwa ndani ya mdomo, na saratani yao huonekana kwenye kaakaa. Tabia inaacha alama mahali pake. Mtazamaji lazima ajue pa kuangalia.

Mtafiti_Kaliua

Asanteni sana, nimeelewa nilipokuwa napotea. Nitagawa sampuli kwa umri na kurudisha uzito. Ila bado kijiti. Msimamizi anakitaka. Na je, kupima pumzi kwa kaboni monoksaidi haingekuwa rahisi zaidi?

Maabara_ya_Kanda

Pumzi sahau. Kwanza haioni ugoro kabisa, kwa sababu ugoro hauna moshi. Pili, mwanamke aliyetoka kupika kwa kuni kwenye jiko la ndani lisilo na dirisha anaweza kusoma juu kama mvutaji. Kikomo kinachotumika sana ni kati ya sehemu 6 na 10 za kaboni monoksaidi kwa milioni, na moshi wa kuni au mkaa unafika hapo bila shida. Utawaandika wapishi kuwa wavutaji.

Kotinini ni bora, ila ujue mipaka yake. Vijiti vingi vya mkojo vinasoma chanya kuanzia nanogramu 200 kwa mililita. Anayebwia kila siku atashikwa. Wa mara moja kwa wiki hashikwi: kotinini hupungua nusu kila saa 16 hadi 20 hivi, kwa hiyo siku nne baada ya kutumia imebaki sehemu ndogo sana. Kwa mjamzito inapungua kwa kasi zaidi, nusu kila saa 9 hivi, kwa hiyo siku mbili zinatosha kumfanya aonekane hajawahi kugusa. Wanawake kwa jumla huivunja nikotini haraka kuliko wanaume, na vidonge vya uzazi wa mpango huongeza kasi hiyo. Andika saa ya mara ya mwisho kutumia, la sivyo matokeo hasi hutajua uyasomeje.

Kijiti hakitofautishi ugoro na sigara. Na kwako wewe kuna mtego mkubwa kuliko hiyo: Kaliua inalima tumbaku. Nikotini inapita kwenye ngozi. Mwanamke aliyevuna majani yenye umande au mvua, akayabeba kifuani na kuyafunga kwenye vijiti kwa ajili ya bani (banda la kukaushia), anaweza kusoma chanya bila kuweka chembe mdomoni. Ndiyo hali ileile inayoleta kutapika, kichwa kuuma na kizunguzungu wakati wa mavuno. Ukimwita mwongo, umemwonea.

Fanya mawili. Weka swali: "Ndani ya siku tano zilizopita umevuna, umefunga, umepanga madaraja au umebeba tumbaku?" na waliosema ndiyo uwachambue kando. Na ukiweza, usiende wakati wa mavuno. Subiri soko liishe na magunia yaondoke majumbani.

Ukibadili kwenda kwenye mate, mama anayeweka ugoro mdomoni asukutue kwanza na asubiri, maana punje zilizobaki zitaharibu kipimo. Kwa mkojo, mhakikishie kwamba hakipimi mimba wala VVU. Usipomwambia, wengi watakataa kwa sababu hiyo, na watakaokataa hawafanani na watakaokubali.

Mtafiti_Kaliua

Sawa. La mwisho: kiasi. Wananunua kwa vifuko vya nailoni na vikaratasi, hakuna gramu. Niandike "vifuko"?

Takwimu_Tupu

Andika vifuko, lakini ujue kifuko kina nini. Kabla ya kazi, nunua vifuko 10 kwa kila muuzaji, wauzaji watatu kwa kila kijiji, upime kwa mizani ya sonara inayosoma 0.01 ya gramu. Toa uzito wa nailoni tupu. Tumia wastani wa kijiji husika, si wa wilaya, kwa sababu kila muuzaji ana kijiko chake. Hifadhi kwenye chupa yenye kifuniko, ugoro ukinyonya unyevu uzito unapanda.

Kisha uliza "kifuko kimoja kinakutosha siku ngapi?" na si "unatumia gramu ngapi". Uliza pia "unatumia peke yako?" Mabibi hugawana. Kifuko cha siku mbili kinachotumiwa na watatu ukikiandikia mmoja, umempa mara tatu ya alichotumia, na hilo hakuna uzito wa sampuli utakaolirekebisha.

Mkunga_wa_Kliniki

Na ukimwomba akuoneshe anavyochota kwa vidole viwili, mwekee karatasi apime hapo, halafu umrudishie ugoro wake. Usimwage.